Mvua ya Chumbani

Muleba, 8 Juni 1953

Mwanangu Kokuhirwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya huko Kashai kwa mama yako mdogo Georgina, na kwamba Hamidi hatakaa nayo ndani ya koti lake kama alivyokaa na ile ya Pasaka. Lori lake linabeba kahawa upesi kuliko linavyobeba maneno ya watu. Sisi huku hatujambo. Kahawa inaiva vizuri, mikungu ni mikubwa, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mchungaji mpya alihubiri mara ya kwanza Jumapili. Ana sauti ndogo mno, wazee wa viti vya nyuma waliondoka bila kujua alihubiri neno gani. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta asubuhi unapokwenda chuoni, maana baridi ya kiangazi huingia mifupani. Amesema nikuandikie hivyo hivyo, tena kwa ukali.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Unajua nyumba imekwisha na tumehamia. Mimi Gamaliel Rugaibula, niliyezaliwa ndani ya msonge wa nyasi na kuoa ndani ya msonge, leo nalala chini ya bati kama karani wa Boma. Watu wanatoka mpaka Kamachumu kuja kuitazama. Wanakaa, wanatafuna kahawa yangu, wanagonga kuta kwa vidole, wanasifu, kisha wanakwenda kulala kwao. Anayelala humu ni mimi, na mimi nanyeshewa.

Hujasoma vibaya. Mvua ilikatika tangu Mei, anga ni jeupe, vumbi la barabarani linatia watu chafya, na kila alfajiri matone yanadondoka kutoka kwenye bati moja kwa moja mpaka kitandani. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hii ya kwangu haina mawingu wala haya.

Aliyeezeka ni Protase, mchumba wako. Nilimkubali kijana yule ingawa ni Mkatoliki, na unajua nilivyosemwa na wazee wa usharika, mwinjilisti mzima kutoa binti kwa Warumi. Nikajitetea kwamba ana ufundi, kafundishwa na mapadre. Kumbe kanisa la Kirumi analiezeka likawa kavu, na nyumba ya Mlutheri anaiacha ivuje. Nimemwita mara mbili. Anapanda juu, anapapasa misumari, anashuka, anasema hakuna tundu. Nikamuuliza kama maji haya yanateremshwa na malaika.

Basi nakuarifu mapema. Mtu asiyeweza kuniezekea mimi hawezi kukuezekea wewe. Jumamosi ya tarehe 15 Agosti nitaita wazee, majembe na mablanketi ya posa yarudi yalikotoka, na uchumba huo uishe. Wewe soma kwa bidii, mtihani wako wa mwisho u karibu.

Ni mimi baba yako, mwenye mto uliolowa,
Gamaliel R.


Kashai, 21 Juni 1953

Tata,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta ya gari, kwa sababu lori liliharibika Kemondo na Hamidi aliitumia kushikia chuma cha moto. Hata hivyo nimeweza kuisoma, na nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mama mdogo Georgina hajambo, anauza maandazi sokoni na kulalamika kuhusu bei ya unga. Mwambie mama sweta naivaa. Mwambie naivaa hata kunapokuwa na joto.

Tata, kabla hujaita wazee, niruhusu nikuambie tulichofundishwa majuzi, maana nilipokuwa darasani niliona nyumba yako ubaoni. Mwalimu wetu anafundisha kwa Kiingereza na mimi nimetafuta maneno yetu, kwa hiyo univumilie. Anasema kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi kina hali tatu. Kuna hali ya yabisi, kama jiwe: litoe chunguni ulitie kikapuni, umbo lake ni lile lile. Kuna hali ya majimaji: maji hayana umbo lao, yanafuata chombo, ila kiasi hakibadiliki. Na kuna hali ya gesi, kama hewa na mvuke: haina umbo wala mpaka, ukiiachia chumba itajaza chumba chote mpaka pembeni, na wala huioni. Kitu kimoja kinaweza kupita hali zote hizi. Maji yakipata moto yanakuwa mvuke na kupaa. Mvuke ukikutana na kitu cha baridi unarudi kuwa maji. Bati usiku ni baridi sana, kwa hiyo maji unayoyaona hayatoki nje, yanatoka ndani ya nyumba.

Najua hutaniamini, kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza chemsha maji sufuriani, halafu shika panga la baridi juu ya mvuke, uone panga litakavyotoa jasho. Je, panga lina tundu? Pili, chukua kibuyu kitupu, kizamishe ndani ya beseni mdomo ukiwa chini. Maji hayataingia. Ukikiinamisha kidogo, hewa itatoka ikisema bu bu bu, ndipo maji yaingie. Maana yake hewa ni kitu, ina mahali pake, na vitu viwili havikai mahali pamoja kwa wakati mmoja. Lazima kimoja kiondoke ndipo kingine kiingie.

Protase hana kosa. Nakuomba, Tata, usivunje nyumba yangu kabla haijajengwa kwa sababu ya matone.

Wako mtiifu, ingawa kwa shida,
Kokuhirwa


Muleba, 5 Julai 1953

Mwanangu Kokuhirwa,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wote wa nyumbani. Ndama anaendelea vizuri. Kahawa tumeianika, na jua ni kali. Mama yako ni mzima.

Majaribio yako nimeyafanya na yamenigharimu heshima. Kagaruki, jirani yetu asiye na kazi, alinikuta nimeinama juu ya beseni nazamisha kibuyu mdomo chini. Alikwenda moja kwa moja kutangaza kwamba mwinjilisti sasa anabatiza vibuyu. Jumapili watoto walikuwa wakisema bu bu bu nilipopita, na mchungaji mwenye sauti ndogo aliniuliza kwa upole kama nina shida yoyote nyumbani.

Nakiri kibuyu kilifanya ulivyosema. Panga nalo lilitoa jasho. Lakini umejifunga kwa kamba yako mwenyewe. Uliandika kwamba vitu viwili havikai mahali pamoja, maana yake kitu yabisi hakipitishi maji. Bati ni yabisi. Maji yapo upande wa ndani. Basi kama hayakupita kwenye bati yamepita kwenye matundu ya misumari, na matundu ni kazi ya fundi. Umemshitaki mchumba wako mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

La pili ni hili, na hapa nataka jibu la mtu mwenye akili, sio la ubaoni. Ndani ya msonge moto ulikuwa katikati ya nyumba. Chungu kilikaa juu ya mafiga mchana na usiku, ndizi zinachemka, watu na mbuzi wanapumua pamoja. Mvuke ulikuwa mwingi kuliko wa sufuria yako. Mbona hatukunyeshewa hata tone? Babu yako alikufa mzee sana bila kuloweshwa na paa lake. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nimeuacha, na msala wenyewe unavuja.

Tarehe ya wazee iko pale pale. Protase amekuja tena, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nimemwambia simhitaji ndani.

Ni mimi baba yako,
Gamaliel R.


Kashai, 19 Julai 1953

Tata,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama mdogo anasema ukija Bukoba upitie kwake, asisikie tena umelala kwa watu wa misheni kama mgeni.

Nimeketi na barua yako nikitaka kulia na kucheka pamoja. Ndiyo, bati ni yabisi na halipitishi maji. Ndiyo maana mvuke haupiti kwenda nje! Nyasi za msonge zinapumua. Mvuke na moshi vilipenya polepole katikati ya nyasi vikaenda zake, na hata usiku nyasi hazipoi kama chuma. Bati linaziba kabisa, halafu linapoa kuliko kila kitu ndani ya nyumba. Mvuke unapanda, unakosa njia, unagusa baridi, unarudi maji, unakuangukia. Msonge haukuwa na ufundi zaidi ya Protase. Ulikuwa na matundu elfu ambayo hakuna aliyeyaona.

Kwa sababu hiyo Protase aliacha nafasi chini ya upenu, pale ukuta unapokutana na bati, ili hewa itoke. Nimesikia umeziziba kwa majani makavu ya migomba na matambara. Je, ni kweli? Nakuomba unijibu hilo, Tata, maana una desturi ya kujibu maswali ambayo sikuuliza.

Tena kuna jambo linanisumbua. Watu wawili wakilala chumbani wakipumua usiku kucha, pumzi yao ina mvuke, lakini ni kidogo, wa kutoa tone moja moja la hapa na pale. Wewe unazungumza mto kulowa. Jiko mmelijenga nje, nyuma ya nyumba, mama alilitaka mwenyewe ili kuta zisiingie masizi. Sasa mvuke wote huo unatoka wapi? Maji hayajizalishi. Kiasi kinachoanguka ndicho kilichopanda. Nani anachemsha nini chumbani kwenu?

Na mama mbona hajaniulizia sweta? Umeandika "mama yako ni mzima" kama mtu anayejibu hodi kwa mlango uliofungwa.

Ni mimi,
Kokuhirwa


Muleba, 3 Agosti 1953

Mwanangu,

Tu wazima. Kahawa imekauka.

Unasema umesikia nimeziba chini ya upenu. Umesikia kwa nani? Nilikupeleka Bukoba kusoma, si kupokea taarifa za mafundi. Nyumba ni yangu, baridi ni yangu, nikitaka kuziba naziba. Usiku huu wa kiangazi upepo wa kutoka ziwani unapanda hadi huku juu, na mtu mzima hawezi kulala kama yuko sokoni. Maswali yako mengine ni ya kitoto na sina nafasi nayo.

Matone yamezidi. Sasa natega beseni moja kichwani pa kitanda na jingine miguuni. Nakwambia haya uone kwamba sichezi. Tena nimepata ushahidi ambao wewe na mwalimu wako hamtaweza kuupinga kwa kibuyu. Juzi nilionja tone, nikalinusa. Linanuka mkaratusi. Wazi kabisa, wala sihitaji kuita shahidi. Maana yake fundi wako aliniwekea mbao mbichi za mkaratusi badala ya zile nilizochagua, na sasa mbao zinatoa maji yake juu ya kichwa changu. Kosa si la bati, kumbe, ni la mbao, na mbao pia ni kazi yake.

Nimekwisha kuwaeleza wazee. Tarehe 15 wanakuja. Usiniandikie tena kumtetea.

Gamaliel R.


Kashai, 10 Agosti 1953

Tata,

Shikamoo. Leo sina habari za ukoo. Nimemsomea mama mdogo Georgina barua yako naye ameketi hapa mbele yangu analia. Naandika haraka, Hamidi anasubiri nje na injini inaunguruma.

Protase hakuweka mkaratusi. Nilikuwepo wakati wa Krismasi mbao zilipoletwa. Ni mti wa msizi, uliuchagua wewe, ukaugonga kwa kifundo cha kidole na kusema umekauka kama mahubiri ya zamani. Msizi haunuki mkaratusi hata ukichemshwa. Kwa hiyo harufu haitoki juu, Tata. Inatoka chini. Imepanda na mvuke, imegusa bati, imerudi pamoja na maji. Chumbani kwako kuna chungu cha majani ya mkaratusi, kinachemka usiku hata usiku, na umeziba kila nafasi ili mvuke wake usipotee. Hakuna mtu anayechemsha majani yale ili anywe. Ni ya kumfukiza mgonjwa wa kifua.

Ni mama. Wewe huwezi kuwa na kifua na bado ukaandika barua zenye hasira ndefu namna ile. Na mama hawezi kumaliza Julai nzima bila kunigombeza.

Nimekasirika. Miezi miwili unaniandikia habari za misumari! Unaita wazee, unamfukuza mtu mlangoni, unaonja matone, na aliyelala chini ya matone hayo hukumtaja. Mawingu yalikuwepo tangu mwanzo, yalikuwa ndani ya nyumba, na wewe unaangalia angani.

Hamidi amekubali kupita kwako kesho kabla ya kupakia kahawa. Atamweka mama mbele pamoja naye, ampeleke hospitali ya misheni. Chungu hakitoshi, Tata. Ukimrudisha Hamidi mikono mitupu, mimi nitapanda lori la kwanza nije, na mtihani usubiri.

Kokuhirwa


Muleba, 17 Agosti 1953

Mwanangu Kokuhirwa,

Usije. Naanza na hilo kabla ya salamu, ili hata Hamidi akilowesha nusu ya barua hii ulipate. Mama yako yuko hospitalini, yu hai, na amesema ukiacha mtihani kwa ajili yake atatoka kwa miguu yake akurudishe Bukoba kwa fimbo. Anaweza. Sasa nakusalimu.

Hamidi alifika Jumanne, jua likiwa limepanda. Alinipa barua yako, nikaisoma, nikajiandaa kumwambia hatukumwita. Lakini mama yako alisikia injini akauliza nani huyo. Nikamwambia, "Ni Hamidi, ametumwa na Kokuhirwa aje kukuchukua." Akavuta pumzi kwa taabu, kisha akaniuliza, "Amejuaje?"

Nikamwambia, "Bati limemwambia."

Akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi, na kikohozi kile kikanimaliza ubishi wote. Lori haliwezi kushuka mpaka kwetu migombani. Nilitoka kutafuta watu wa kubeba machela nikamkuta Protase njiani. Sikumuuliza alikuwa anafanya nini karibu na nyumba niliyomkataza. Alishika mbele, Kagaruki na mimi tukashika nyuma, tukapanda. Kijana yule anajua kubeba mtu, anakanyaga taratibu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimebadilika.

Daktari alimgonga mgongoni, akasikiliza, akasema upande mmoja wa kifua umejaa maji. Pale pafu linapotakiwa kutanuka lijae hewa, pana maji. Kisha akaleta sindano ndefu na bakuli, akanitoa nje. Nilisimama chini ya mti wa mbele nikakumbuka kibuyu. Vitu viwili havikai mahali pamoja, uliniandikia, lazima kimoja kiondoke. Nimehubiri miaka mingi na sijui kama niliwahi kuomba sala fupi kama ile. Nilisema tu, Bwana, yatoke. Yalipotoka mama yako akavuta pumzi nikaisikia kutoka nje.

Unataka kujua kwa nini sikukuandikia. Alinikataza. Ulipoacha shule mwaka juzi kumuuguza bibi yako ulipoteza mwaka mzima, naye akaapa kwamba hutapoteza mwingine kwa ajili yake. Kilikuwa kikohozi kidogo, akasema majani yatatosha. Nami nilikuwa na hofu, na hofu kwangu hutoka ikiwa imevaa hasira, mama yako anajua, na wewe ungejua kama ungeishi nami zaidi. Ilikuwa rahisi kumgombeza Protase. Bati lilikuwa linanionyesha kila asubuhi jinsi alivyo mgonjwa, nami nikaligeuza kuwa kesi.

Wazee walikuja Jumamosi kama nilivyowaita. Waliketi, wakatafuna kahawa, wakauliza habari ya maji. Niliwapeleka chumbani wakaangalia juu. Nikawaambia hakuna kesi, bati ni kavu. Kagaruki akataka kusema neno kuhusu vibuyu, nikamtazama, akarudi kutafuna kahawa.

Ni kavu kweli. Tangu Jumanne nalala peke yangu, chungu kiko nje kimegeuzwa. Sisemi nilikosea, nasema bati ni kavu. Alfajiri naamka, naangalia juu, hakuna kitu. Napapasa shuka upande wake, kavu. Sijawahi kuchukia ukavu namna hii.

Baba yako,
Gamaliel R.


Kashai, 27 Septemba 1953

Tata,

Shikamoo. Nilikuja, kama utakavyokuwa umesikia kwa watu. Nilipanda na Hamidi Jumamosi nikarudi Jumapili, mtihani haujaguswa, kwa hiyo usiandike ukurasa wa kunikaripia. Mama nimemkuta ameketi kitandani anawapangia wauguzi kazi. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba sweta yangu imetoboka kiwiko. Nilifurahi nikalia, naye akanigombeza kwa kulia.

Sasa nyinyi wawili nisikilizeni, maana mmenichosha. Mmoja anaficha ugonjwa ili nisome, mwingine anaficha ugonjwa nyuma ya bati, na mimi nikabaki Kashai natafuta mama yangu ndani ya tone la maji. Mkinificha tena nitaacha chuo kwa makusudi niuze maandazi na mama mdogo. Mambo ya kweli yaandikwe mwanzoni mwa barua, kabla ya ndama.

Daktari amesema atamruhusu mvua zikishaanza, na kwamba chumba kisizibwe. Ondoa matambara yale, Tata. Juzi tulipewa jaribio darasani, tukaulizwa tueleze namna mvuke unavyorudi kuwa maji na kutoa mfano. Wenzangu waliandika habari ya birika. Mimi niliandika habari yako. Mwalimu ameandika pembeni akiuliza kama ni kisa cha kweli.

Kuna swali moja hujalijibu, na safari hii sitakubali unieleze habari za kahawa. Majembe ya posa yako wapi?

Binti yako,
Kokuhirwa


Muleba, 22 Novemba 1953

Mwanangu Kokuhirwa,

Nafuata amri yako na kuanza na mambo ya kweli. Mama yako amerudi tangu wiki iliyopita. Amekonda, anachoka akifika migombani, lakini anapumua pande zote mbili. Majembe ya posa yako nyuma ya mlango yalipokuwa siku zote, na mablanketi tunajifunika. Harusi itakuwa Januari ukishapata majibu yako. Mchungaji na padre wagombane wao kwa wao nani atafungisha, mimi nimechoka kugombana.

Mvua za vuli zimeanza, za nje, zinazotoka mahali panapostahili. Juu ya bati zinapiga kelele hata hatusikilizani, na ndani haliingii tone. Senene wameanza kuruka, mama yako amekaa barazani anawachambua mbawa na kukataa kusaidiwa. Matundu ya upenu nimeyafungua, isipokuwa ya upande wake wa kitanda kwa ajili ya baridi. Usimwambie fundi.

Fundi mwenyewe alikuja Ijumaa na kamba yake, akapima chumba. Anataka kupiga dari la mbao bila malipo, ili hata tone la bahati mbaya lisitufikie. Ni wazo zuri, na kazi yake nimeanza kuiheshimu. Nimemwambia asubiri kidogo. Akauliza mpaka lini, nikamwambia aende akamsaidie mkwe wake senene.

Sikumwambia sababu, wewe nitakuambia. Leo alfajiri tone moja limeniangukia kwenye paji la uso. Mvua ya nje ilikuwa imekatika, ndani hapakuwa na moto wala chungu, wala harufu ya majani. Nikakumbuka ulichoandika mwezi wa Julai, kuhusu pumzi ya watu wawili wakilala chumbani. Mama yako alikuwa amelala ananipa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Sikujifuta. Nilivuta blanketi likamfunika vizuri, nikabaki pale pale nikingoja jingine.

Baba yako,
Gamaliel R.